Ncha ya Amari

Hotuba mbele ya wanafunzi wa tafsiri na uandishi wa habari, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wangu, na nyinyi wanafunzi mliojaa humu ndani mpaka mlangoni, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie tafsiri ya misemo. Ni uwanja mpana huo, naweza kuuzunguka mpaka adhuhuri nisifike popote. Kwa hiyo nimechagua msemo mmoja wa Kiingereza: "the bitter end". Nimeuchagua kwa sababu uliwahi kuniaibisha, na tangu siku hiyo sijaweza kuuacha.

Nilikuwa kijana, nafanya zamu za usiku katika chumba cha habari. Kazi yangu ilikuwa kupokea habari za nje kwa Kiingereza na kuzigeuza Kiswahili, ziwe tayari kwa taarifa ya alfajiri. Usiku mmoja ikaja habari ya mgomo wa wafanyakazi huko Ulaya. Kiongozi wao alisema watapigana "to the bitter end". Nikaandika: wafanyakazi wameapa kupigana hadi mwisho mchungu. Nikaridhika. Neno kwa neno, hakuna lililobaki nje.

Saa moja asubuhi simu ikalia. Alikuwa ami yangu, mdogo wake baba, nahodha mstaafu aliyekuwa akiendesha jahazi baina ya Tanga, Pemba na Mombasa. Hakungoja hata nimwamkie.

"Mwanangu, hawa watu wameapa kushindwa?"

Nikamwambia la, ami, wameapa kupigana.

"Sasa mbona mwisho wao umeshakuwa mchungu, na vita vyenyewe ndiyo kwanza vinaanza? Mtu huapa ashinde. Akishajua mwisho wake mchungu, huapia nini?"

Nikamweleza kwamba ndivyo Kiingereza kilivyosema, kwamba "bitter" ni chungu, na mimi sikuongeza langu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Waingereza ni watu wa bahari kama sisi. Kabla hujawatia uchungu mdomoni, katazame kama hawakuwa na kamba mkononi."

Nilidhani ni maneno ya mzee aliyezoea kuona kila kitu kwa jicho la bahari. Hata hivyo nilikwenda kutazama. Na kamba ilikuwapo.

Twendeni pamoja kwenye meli ya Kiingereza ya karne ya 17 au ya 18. Kule omo, mbele ya chombo, juu ya sitaha, zimesimama nguzo mbili fupi za mti mgumu. Hazikupachikwa juu juu. Zimeshuka chini zikakamatana na mihimili ya meli yenyewe. Mabaharia waliziita "bitts", na kazi yake kubwa ilikuwa kushika amari.

Naona vijana wanatazamana. Amari ni kamba ya nanga. Chombo kina kamba nyingi na kila moja ina jina na kazi yake, lakini amari ndiyo inayokiunganisha na ardhi kikiwa majini. Amari ya manowari kubwa ya Kiingereza enzi hizo ilikuwa na mzingo uliopita nusu mita, unene wa paja la mtu mzima. Ilisokotwa kwa katani, ila si katani ya mkonge tunayoijua hapa Tanga. Ni nyuzi za mmea wa jamii ya bangi, na shehena kubwa ya nyuzi hizo Waingereza waliinunua Urusi. Urefu wake ulipita pima mia moja.

Pima, nalo ni neno la kusimama nalo kidogo. Mtu akinyoosha mikono yote miwili, kutoka ncha ya kidole hiki mpaka ncha ya kidole kile, hiyo ni pima moja. Waingereza wana kipimo hicho hicho, wanakiita "fathom", na kwao pia asili yake ni mikono iliyofunguliwa. Baadaye neno likatoka majini likaingia akilini: leo "kufathom" jambo ni kulielewa mpaka chini yake. Na sisi je? Tunasema nimempima yule bwana, maana yake nimemchunguza nikajua kina chake. Hakuna aliyemwiga mwenzake hapa. Mabaharia wawili, mmoja wa kule na mmoja wa huku, walitumbukiza bildi majini kutafuta kina, na kila mmoja akarudi nyumbani na neno la kutumia kwa watu. Yule mwandishi wa Marekani anayejulikana kama Mark Twain alijipa jina lake la uandishi kutokana na ukelele wa wapima kina wa mto Mississippi, kule alikokuwa rubani wa meli za mvuke. Kwa Kiswahili angeitwa Pima Mbili.

Turudi kwenye sitaha. Nanga inatupwa. Amari inakimbia kuifuata, na kitu kizito namna ile kikishaanza kukimbia, mikono ya watu haikizuii. Ndipo zile nguzo zinapofanya kazi. Amari inazungushwa kwenye nguzo ili msuguano uishike, na mabaharia wanaiachia kidogo kidogo. Mzunguko huo wa amari kwenye nguzo ndio ulioitwa "bitter". Na sehemu iliyobaki upande wa ndani, ile isiyotoka nje ya meli, ikaitwa mwisho wa bitter.

Haya si maneno ya kubuni. Nahodha John Smith, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa walioanzisha makazi ya Jamestown kule Virginia mwaka 1607, aliyaandika mwaka 1627 katika kitabu chake cha lugha ya mabaharia, "A Sea Grammar". Humo anasema waziwazi kwamba bitter ni mzunguko wa amari kwenye nguzo, na mwisho wa bitter ni ile sehemu ya amari inayobaki chomboni. Hakuna uchungu wowote hapo, hakuna huzuni. Ni mtu anamfundisha kijana kazi.

Miaka 142 baadaye, mwaka 1769, William Falconer wa Edinburgh akachapisha kamusi kubwa ya mambo ya bahari, naye akaliweka neno hilo. Niacheni niseme machache juu ya mtu huyu, kwani nampenda. Falconer hakuwa mtu wa mezani. Alikuwa baharia, na ujanani mwake aliwahi kunusurika chombo kilipovunjika pwani ya Ugiriki, wenzake karibu wote wakafa. Mwaka ule ule kamusi yake ilipotoka, alipanda manowari iitwayo Aurora kwenda India. Desemba 1769 Aurora iliondoka Rasi ya Tumaini Jema, na baada ya hapo haikuonekana tena. Mtu aliyewakusanyia Waingereza maneno yao ya bahari alipotea upande huu wa dunia, katika safari ya kuvuka Bahari ya Hindi. Kila nikifungua kamusi yake namkumbuka, na naona kama ni jirani.

Sasa, kwa nini ncha ya amari izae msemo? Fikirini hali yenyewe. Upepo ni mkali, chombo kinaburuzwa kuelekea miambani, nahodha anaamuru amari iachiwe zaidi, kwa kuwa amari ndefu huifanya nanga ikamate vizuri. Wanaachia. Wanaachia tena. Mara baharia aliye kwenye nguzo anapiga kelele kwamba sasa imefika ile sehemu ya ndani. Hakuna tena cha kuachia. Mlichokuwa nacho chote kimeshatoka, kimo majini. Kuanzia hapo ama nanga ishike, ama isishike.

Au mtu achukue shoka. Maana njia ya pili ilikuwa hiyo: kukata amari, kuiacha nanga chini na kukimbia na upepo. Waingereza wakapata msemo na huko pia, "cut and run", kata ukimbie, ambao leo humsema mtu aliyelitoroka jambo katikati. Misemo hiyo miwili huwa naiona kama ndugu waliozaliwa kwenye kamba moja. Mmoja ni wa aliyebaki mpaka amari ikaisha. Mwingine ni wa aliyeikata.

Kwa hiyo ami yangu alikuwa amesema kweli. Wale wafanyakazi wa mgomo hawakuapa kuonja uchungu. Waliapa kuachia amari yao yote.

Lakini mfasiri mwaminifu haisimulii hadithi nusu. Msemo huu ulishuka kwenye meli ukaenda bara, na bara hakuna nguzo za kufungia nanga. Mkulima wa Kiingereza, au wa Marekani, angejuaje "bitts"? Alilolijua ni "bitter" ile nyingine, ya dawa na ya shubiri. Na alikuwa na Biblia nyumbani, ile tafsiri ya Mfalme James ya mwaka 1611, ambamo Mithali 5:4 husema mwisho wa yule mwanamke mpotovu ni mchungu kama pakanga. Maneno yale yale mawili, mwisho na uchungu, na aliyasikia kanisani. Kufikia katikati ya karne ya 19, msemo ulipokuwa umeenea katika hotuba za wanasiasa wa Marekani, wasikilizaji walikuwa tayari wanasikia ladha, hawasikii kamba. Wapo wataalamu wanaosema umetoka Biblia moja kwa moja na meli haihusiki. Mimi naona mito miwili ilikutana, na maji yakishachanganyika huwezi kuyatenga kwa kata. Ndiyo maana hata leo msemo unabeba maana mbili zilizobanana: kwenda mpaka pasipo na pa kwendea, na kwenda hata kama kutauma.

Na Afrika uliutia mguu. Katika vita vya Makaburu na Waingereza, vya 1899 hadi 1902, Pretoria ilianguka Juni 1900, na Makaburu wengi wakaona basi, wakasalimu amri. Wengine wakakataa, wakaingia porini na farasi zao kupigana vita vya kuvizia kwa karibu miaka miwili zaidi. Hao ndio walioitwa "bittereinders", watu wa mwisho mchungu. Wale waliojisalimisha wakaitwa kwa dharau "hensoppers", yaani mikono juu. Kwa Kiholanzi na Kiafrikana nako "bitter" ni chungu, na mwisho ule ulikuwa mchungu kwelikweli: mashamba yalichomwa, na maelfu ya wanawake na watoto wa Kikaburu, pamoja na maelfu ya Waafrika weusi ambao vita havikuwa vyao, walikufa makambini kwa njaa na maradhi. Wajumbe wa Makaburu walipopiga kura juu ya mkataba wa Vereeniging, Mei 1902, kati yao 60, waliokubali walikuwa 54. Sita walikataa hata hapo.

Baada ya vita, baadhi ya Makaburu ambao hawakutaka kuishi chini ya bendera ya Uingereza walihamia Afrika Mashariki ya Wajerumani, wakalima sehemu za Meru na Kilimanjaro. Babu zetu wa Arusha waliwaona na magari yao ya ng'ombe. Sijui kama mnaiona safari hii kama ninavyoiona mimi: neno la nguzo mbili kwenye meli ya mbao ya Kiingereza, miaka mia tatu baadaye, linapita chini ya mlima Meru likiwa ni jina la watu.

Hapo naomba nitoe tahadhari. Mtu akishaonja utamu huu, huanza kuona bahari kila mahali. Wanaisimu wa Kiingereza wana mzaha wao juu ya kamati ya kukipa kila kitu asili ya baharini, na mzaha huo una sababu. Mtaambiwa, kwa mfano, kwamba neno "posh", la watu wa anasa, ni herufi za kwanza za maneno yaliyoandikwa kwenye tiketi za meli za India, kuonyesha abiria tajiri alale upande wa kushoto wakati wa kwenda na wa kulia wakati wa kurudi, akwepe jua. Hadithi nzuri. Tiketi hiyo haijaonekana. "Bitter" ina John Smith na ina mwaka 1627. "Posh" ina hadithi tu. Mfasiri ajue tofauti ya vitu hivyo viwili, na asiupeleke uzuri wa hadithi mahali pa ushahidi.

Na sisi tunafanya hivyo hivyo. Muulizeni mtu yeyote Dar es Salaam maana ya jina la mji wake. Wengi watajibu Bandari ya Salama. Wanaiona bandari kila siku, kwa nini isiwe? Lakini jina alilolitoa Sultani Majid katika miaka ya 1860, kwa jinsi lilivyoandikwa, ni dar, na dar kwa Kiarabu ni nyumba, ni makao. Bandari tumeitia sisi kwa sababu iko mbele ya macho yetu, kama yule mkulima alivyotia pakanga kwenye kamba.

Nije kwenye msemo wa pili. Huu nitaupitia haraka, ila kuna jambo ndani yake nataka mlichukue. Waingereza wakimwona mtu amelewa chakari husema ni "three sheets to the wind". Nimewahi kuona tafsiri iliyosema: mashuka matatu kwenye upepo. Simlaumu aliyeiandika, "sheet" ni shuka kwa yeyote aliyejifunzia Kiingereza darasani. Waingereza wenyewe wa leo wengi hudhani ni tanga. Kumbe si shuka wala si tanga. Ni kamba, ile inayoshika pembe ya chini ya tanga ili tanga likamate upepo. Na sisi kamba hiyo tuna jina lake: demani.

Hilo ndilo ninalotaka mlichukue. Kiswahili hakihitaji kubahatisha hapa. Demani ndiyo kamba hiyo hasa. Ikikuponyoka, tanga linapigapiga ovyo, upepo unapita bure, na chombo kinakosa mwendo, kinaenda mrama. Meli ya Kiingereza ilikuwa na matanga mengi na demani nyingi. Zikifyatuka tatu, meli nzima inayumba kama mlevi anayetoka kilabuni. Nilipomsomea ami msemo huu na kuutia demani, alicheka mpaka akakohoa. Hakuhitaji maelezo hata kidogo. Akaniambia: "Huyo mtu ameenda mrama."

Ameenda mrama! Tusimame hapo. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo, kulala upande huu na upande ule. Leo ndoa ya mtu wa Dodoma huenda mrama, bajeti huenda mrama, mazungumzo ya amani mbali kabisa na pwani huenda mrama, na anayesema hivyo huenda hajawahi kupanda hata ngalawa. Methali yetu imelihifadhi neno mahali pake pa kwanza: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na mlevi, sisi husema anapepesuka. Mimi nikilisikia neno hilo nasikia upepo ndani yake.

Basi nikaanza kutazama nyumbani. Nilikuwa nimekwenda kwa Waingereza kutafuta kamba, nikarudi nikakuta nyumba yangu imejaa kamba.

Usukani ulikuwa wa chombo kabla haujawa wa gari, na kabla haujawa wa chama na serikali. Rubani alikuwa akiingiza vyombo bandarini kabla hajarusha ndege. Nahodha leo huvaa jezi na kitambaa mkononi. Wakenya wakitaka kusema ligi imeanza, huandika ligi imeng'oa nanga, na mtu wa Nairobi huabiri matatu, ingawa kuabiri kulikuwa ni kusafiri kwa chombo majini, na humo ndimo alimotoka abiria wetu wa kila siku.

Lakini lililonishangaza kuliko yote ni hili. Kaskazi ni upepo. Unavuma takriban kuanzia Desemba mpaka Machi, na ndio uliokuwa ukileta vyombo kutoka Arabuni na Ghuba mpaka pwani yetu. Kusi ni upepo wa kuvirudisha, unaoanza Aprili na kwenda mpaka Septemba. Katika pepo hizo mbili tukapata kaskazini na kusini. Sasa nendeni Goma, mashariki ya Kongo, mbali kabisa na bahari, kwenye milima ya moto na ziwa lisilo na chumvi. Jimbo lile, kwa Kiswahili, ni Kivu ya Kaskazini. Mtoto aliyezaliwa Goma ambaye hajawahi kuona mawimbi ya bahari akitaja anakotoka, anautaja upepo uliojaza matanga ya majahazi. Nililitambua hilo nikiwa ndani ya basi, nikatamani nimwambie abiria mwenzangu, nikaona haya. Leo nawaambieni nyinyi.

Mwingereza naye ana wake wa namna hiyo. Akitaka kusema "kwa jumla", husema "by and large". Ni lugha ya tanga tupu. Kwenda "by" ni kuukabili upepo kwa karibu, kwenda joshi kama wasemavyo wazee wetu, wengine husema goshi. Kwenda "large" ni kuwa na upepo nyuma au ubavuni, tanga limefunguka. Samuel Sturmy aliyaandika maneno hayo pamoja mwaka 1669, akizungumzia kuiendesha meli katika hali zote, nzuri na mbaya. Chombo kinachokwenda vizuri kwa joshi na kwa upepo wa tezi ni chombo kizuri kwa jumla. Mhasibu wa London anayeandika maneno hayo kwenye ripoti yake leo haoni tanga lolote.

Sasa mtaniuliza, na mna haki: kwa hiyo "the bitter end" tuandike vipi? Tuseme "hadi ncha ya amari"?

Natamani niseme ndiyo. Moyo wangu unasema ndiyo. Lakini taarifa ya habari haiandikwi kwa ajili ya moyo wangu, na msikilizaji wa Dodoma au wa Bujumbura akisikia amari atadhani umekosea kusema amri. Mfasiri huitafuta kamba ili ajue uzito wa neno, kisha hurudi kuchagua maneno ambayo watu wake wanayo tayari. Wafanyakazi wa mgomo: wameapa kupigana kufa na kupona. Hivyo ndivyo ningeandika usiku ule. Kikiwa ni chama kilichokataa kuachia msimamo wake: hakirudi nyuma, liwalo na liwe. Akiwa ni mke aliyemuuguza mumewe "to the bitter end", hapo hakuna kupigana wala kiapo: alimuuguza hadi pumzi ya mwisho. Wakiwa ni mashabiki ambao timu yao imefungwa mabao matano na bado hawakuondoka uwanjani: walikaa hadi filimbi ya mwisho. Msemo mmoja, tafsiri nne, na katika zote nne uchungu haukutajwa. Upo pale panapostahili, msomaji atausikia mwenyewe.

Ila kuna sehemu moja ambapo ningeandika ncha ya amari bila kusita. Ni pale mwenye kusema ni baharia, au mwandishi anapoandika habari za bahari. Hapo kuliacha neno letu wenyewe na kuandika "mwisho wa kamba ya nanga" ni kujifukarisha.

Na hapa nasema kwa uzito wote nilio nao. Demani, joshi, amari, bildi, baura, foromali: haya maneno hayamo vinywani mwa vijana niliowafundisha, hata waliozaliwa hatua mia moja kutoka ufukweni. Sababu haijifichi. Boti ya faiba haina haja ya kalafati wala deheni. Mashine ya nyuma haijui joshi. Kijana aliyevua samaki maisha yake yote kwa mashine hana sababu ya kujua demani, na simlaumu, anatafuta riziki. Lakini Waingereza walipokuwa wakiyaacha matanga yao, John Smith na Falconer walikuwa wameshaandika. Mimi niliweza kuikuta ile kamba katika kitabu, mchana mmoja tu, kwa sababu baharia mmoja aliona kazi yake inafaa kuandikwa. Kamusi zetu zinayo baadhi ya maneno haya, lakini nyingi huyapa mstari mmoja: demani, kamba ya tanga. Imefungwa wapi? Inashikwa na nani? Ikiponyoka, nahodha hupiga kelele gani? Mstari mmoja hausemi.

Wanaosema wamekaa hapa. Niliwaomba wenyeji wangu wawakalishe wazee mstari wa mbele, na mmeona jinsi walivyokuja. Ninyi wanafunzi mmeombwa mlete madaftari, na leo sitaki muandike maneno yangu.

Ami yangu yule aliyenipigia simu ni huyo mwenye kofia ya viua, mwisho wa safu. Amekuja na kipande cha amari ya jahazi lake la mwisho. Chombo chenyewe kiliuzwa zamani, kipande hiki akabaki nacho, kimekaa uvunguni mwa kitanda chake miaka yote hii na bado kinanuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo. Ncha moja ina fundo. Nimemuuliza mara nyingi fundo hilo lilifungwa kwenye nini ngamani, kule chini ndani ya chombo, naye kila mara hunijibu kuwa hawezi kueleza kwa mdomo, mpaka ashike. Meza hii ina miguu miwili mizito upande huu. Sogezeni viti.

Ami, karibu.